Roka za Moja Nukta Sita

Bonde la Buckeye, Kentucky
6 Oktoba 1974

Mume wangu Arlis,

Tessie sasa hivi amechomoa pushirodi mbili, zile fimbo nyembamba za injini, kwenye lile boksi ulilolitoboa matundu, akazilaza ndani ya beseni la nguo, akazifunika kwa soksi yako, halafu akaniwekea kidole mdomoni: "Shii, Mama, watoto wamelala." Nimesimama pale mikono imejaa sabuni, sijui nicheke au nilie, maana wewe ndiye uliyesema kila pushirodi irudi tundu ilikotoka, kwamba imezoeana na tapeti yake kama watu wa nyumba moja. Nilizitambua kwa mikwaruzo yake. Zimerudi zilipokuwa. Usiwe na wasiwasi.

Sisi hatujambo. Mama Oma miguu inamsumbua lakini mdomo uko salama. Anakusalimu, anauliza kama huko Louisville wanawapikia mkate wa mahindi wa kweli au ule wenye sukari.

Sasa nikuambie. Injini haiko kama ulivyoiacha siku ile betri ilipokulipukia usoni. Binamu yako Dorsey alikuja Jumapili mbili baada ya ibada, tukarudisha silinda hedi zote mbili, vile vifuniko vizito vya juu ya injini. Alikaza bolti yeye, mimi nilimsomea utaratibu. Kamshafti ulishaiweka mwenyewe. Kilichobaki ni roka, na hapo ndipo nimekwama, kwa sababu chini ya benchi lako kuna maboksi mawili. Moja umeandika moja na nusu. La pili, moja nukta sita. Zote kumi na sita kumi na sita, zote safi. Ulitaka kufunga zipi?

Bwana Eldon, wewe unayemsomea mume wangu barua, nakusalimu. Roka ni kimkono kidogo kama bembea ya watoto. Upande mmoja unasukumwa na pushirodi inayokaa juu ya tapeti, nayo tapeti inanyanyuliwa na matuta ya kamshafti, upande wa pili unaibonyeza valvu ifunguke, injini ivute hewa. Ile namba inasema upande wa valvu unakwenda mara ngapi zaidi ya upande wa pili. Nimekueleza ili usisome kama kasuku.

Arlis, nataka gari liwe tayari siku masomo yako yatakapokwisha, tarehe ishirini na moja Novemba. Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Halafu tutaendelea kuwapelekea watu makaa ya majiko, mimi naendesha, wewe uko kando yangu. Watu wameshaanza kuulizia. Bila gari hakuna kazi bondeni, hilo unalijua.

Nijibu kuhusu roka.

Mke wako,
Lavonda


Louisville
13 Oktoba 1974

Mke wangu Lavonda,

Ninayesema ni mimi, anayeandika ni Eldon. (Eldon hapa. Mimi nilikuwa kinyozi. Macho yangu yanajifunga polepole kutoka pembeni, kama pazia, kwa hiyo nimekuja shule hii ya wasioona kujifunza mapema. Asante kwa somo la bembea, shemeji. Haya, Arlis, endelea.)

Nimefurahi kusikia mpo wazima. Mwambie Mama mkate hapa una sukari.

Funga roka za moja na nusu. Zote. Ndizo zilizotoka na injini ile kiwandani, springi zilizopo zinazifaa, hakuna cha kupima. Dorsey anaweza kuzikaza mchana mmoja. Ukimaliza, liweke gari pale mbele ya duka la Hettie, lioshe, liache kifuniko cha injini wazi. Mnunuzi akisikia injini inaunguruma sawasawa hatauliza mengi.

Daktari ana matumaini na jicho la kushoto. Anasema huenda linaona mwanga kidogo. Kwa hiyo msihangaike.

Hapa tunafundishwa kutembea na fimbo, kupika mayai na kufunga mifagio. Mifagio yangu imenyooka. Mkuu wa karakana amenisifu.

Mbusu Tessie.

Arlis
(Ameniambia nisiandike hili: bado hajaigusa fimbo. Anatembea akishika ukuta. E.)


Bonde la Buckeye
18 Oktoba 1974

Arlis,

Mnunuzi gani?

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama dukani kwa Hettie, nikairudia njiani, nikamsomea Mama Oma, naye akasema, "Huyo si mwanangu anayesema. Huyo ni mtu aliyechoka." Kisha akaenda kupalia kabichi ambazo hazina hata magugu.

Mimi shule niliiacha darasa la nane, lakini masikio ninayo. Miaka miwili nimekaa kwenye kile kibanda chako nimempakata Tessie, wewe ukiongea na ile kamshafti kuliko unavyoongea na mchungaji. Ulisema nini? Ulisema hii imechongwa ya gari la mizigo, mayai yake, yale matuta, ni mafupi, inaifungua valvu kidogo na kuifunga mapema, ndiyo maana ina nguvu chini, injini ikizunguka polepole, lakini mlimani na mzigo inakosa pumzi. Ulisema ukiipa roka za moja nukta sita valvu inafunguka zaidi, injini inavuta hewa zaidi, na nguvu ya chini haipotei. Ulisema mwenye kuifunga kamshafti hii na roka za moja na nusu ni sawa na mtu anayeimba amefunga mdomo. Maneno yako hayo.

Roka za moja na nusu ni za kuuzia gari. Zile nyingine ni za kulipandisha mlima. Basi mimi nimechagua.

Na sikuchagua kwa hasira tu, nimepima. Nilifunga roka moja ya moja nukta sita kwenye silinda ya mbele, nikaweka ile saa yako ya kupimia juu ya valvu, Dorsey akazungusha injini kwa spana polepole. Valvu ilishuka mia nne na arobaini, kwa zile sehemu elfu moja za inchi. Wewe uliandika ukutani kwamba mizunguko ya springi inagusana kwenye mia nne na sabini. Kwa hiyo nafasi ipo! Tulipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Dorsey akasema, "Shemeji, ukichoka kumsubiri Arlis, karakana yangu ina nafasi." Nikamwambia kwako hata panya wamehama.

Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na sita, anakuja tufunge zote, tutie mafuta, tuwashe.

Nafurahi sana kuhusu jicho. Nimemwambia Tessie. Sasa anaziba lake la kulia anajigonga mlangoni, anasema anajifunza kama Baba.

Lavonda


Louisville
23 Oktoba 1974

LAVONDA USIWASHE.

(Ameniambia niandike kwa herufi kubwa. Amepiga meza. E.)

Nimempigia simu Hettie dukani, amesema atamtuma mtu kwako, lakini namfahamu Hettie, akipata mteja wa kupiga naye soga atasahau. Kwa hiyo naandika vilevile.

Sikiliza. Yai la kamshafti ile linanyanyua mia tatu. Nilipima mwenyewe kwa mikono yangu. Mia tatu mara moja nukta sita ni mia nne na themanini. Haiwi mia nne na arobaini hata ukifunga na kuomba. Zile arobaini zimekwenda wapi?

Zimemezwa na tapeti. Umetumia tapeti za mafuta, si ndiyo? Tapeti hiyo ndani yake ina kipistoni kidogo kinachokaa juu ya mafuta. Sasa hivi haina mafuta, na juu yake kuna springi nzito ya valvu. Mnapozungusha injini taratibu, kabla valvu haijafunguka vizuri tapeti inajibonyea yenyewe kwanza. Inawadanganya. Lakini injini ikiwaka mafuta yataijaza, haitabonyea tena. Valvu itakwenda mia nne na themanini zote, na springi zako zinagusana mia nne na sabini. Chuma juu ya chuma. Pushirodi zitapinda, roka zitang'oka, na wewe umesimama hapo umeinamia injini na mtoto kiunoni!

Kila fundi wa milima yetu ameshafanya kosa hili, mara moja. Mimi nililifanya kwenye gari la mchungaji. Dorsey alilifanya, muulize, atakana.

Fanyeni hivi. Toeni springi mbili za silinda ya mbele, muweke springi laini, zile za mlango wa wavu zinatosha. Tafuteni tapeti mbili ngumu, zisizo za mafuta, Dorsey anazo kwenye ile injini ya trekta aliyoitupa nyuma ya kwake, zinaingia. Pimeni tena. Mtaiona mia nne na themanini.

Kisha springi. Gari la Dorsey lililoanguka mtoni lina springi ndefu zaidi, mzitoe, mzisafishe. Mkizifunga, fungueni valvu mpaka mwisho, halafu nyoosha waya wa kubania karatasi, upitishe katikati ya kila mzunguko wa springi. Ukipita kwenye mizunguko yote, salama. Ukikwama hata mmoja, acheni. Na angalieni kile kisahani cha juu ya springi kisije kikagonga mpira wa valvu chini yake. Dorsey husahau hapo.

Roka ni za moja nukta sita. Ndiyo. Ulikuwa sahihi. Lakini usiwashe.

Arlis


Louisville
24 Oktoba 1974

Shemeji Lavonda,

Hii inatoka kwangu peke yangu, kwa hiyo imekuja katika bahasha yake. Arlis hajui.

Nimefikiri sana kama inanihusu. Nimeona nikikaa kimya nitakuwa nakuandikia uongo kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi mwandiko wangu nauheshimu.

Daktari hakusema lolote kuhusu mwanga. Macho yote mawili yamekwenda. Alimwambia wiki ya kwanza, mimi nilikuwa kitanda cha pili. Arlis akamshukuru, akageukia ukuta, akabaki hapo siku nyingi.

La pili. Ameandikisha jina karakana ya mifagio. Anayeandikishwa anapewa chumba hapa mjini na kazi ya kudumu. Kuanzia tarehe ishirini na mbili Novemba atakuwa huko. Amekuwa akitafuta namna ya kukuambia. Kuuza gari ndiyo ilikuwa namna yenyewe.

Sasa la tatu, na hili ndilo limenifanya nichukue kalamu. Tangu nimsomee ile barua yako ya mia nne na arobaini, mtu huyu amekuwa mwingine. Amekula. Amenifundisha injini nzima kwa kutumia vijiko vya hapa bwaloni, mpaka mpishi akaja kuvidai. Leo aliniamsha kabla ya kengele kuuliza kama nadhani Hettie ametuma mtu kweli. Nikamwambia, "Bwana, mimi Hettie simjui!" Akasema, "Ungemjua usingelala."

Usimwambie nimekuandikia. Lakini usiache kumuuliza maswali.

Eldon Purvis


Bonde la Buckeye
30 Oktoba 1974

Mume wangu,

Hettie alituma mtu. Alimtuma Ijumaa jioni, na mtu mwenyewe akapita kwanza kwa dada yake kula, akafika kwetu Jumamosi Dorsey ameshafungua kopo la kwanza la mafuta. "Arlis anasema msiwashe." Dorsey akanitazama, akafunika kopo, akaenda kukaa juu ya gogo kwa muda mrefu. Barua ilipofika Jumatatu nikamsomea ile sehemu yake. Amekana, kama ulivyosema.

Tumepima upya. Springi za mlango wa wavu nimezitoa mlango wetu wa nyuma, sasa unapigapiga na Mama Oma anadai nimemfungulia mbwa mwitu. Saa imesoma mia nne na themanini. Niliketi chini. Niliwaza mahali nilipokuwa nimesimama na Tessie siku ile ya kupima.

Springi za gari la mtoni tumezisafisha kwa mafuta ya taa, zimefungwa zote. Waya umepita kwenye kila mzunguko, nimeupitisha mimi. Kisahani hakigongi, nimechungulia mwenyewe sikumwachia Dorsey. Roka za moja nukta sita zipo juu zote, pushirodi zote zipo kwenye nyumba zake.

Zimebaki nati za roka, kukaza. Na hizo, Arlis, siwezi.

Nimejaribu. Nimeshika pushirodi kwa vidole viwili, naizungusha huku nakaza nati, nasubiri pale inapoanza kuwa nzito. Ninachosikia ni inateleza, inateleza, inateleza, halafu imekwama. Ile katikati siipati. Nimefanya hivyo mpaka ncha za vidole zimechubuka. Dorsey naye anakaza kwa nguvu zake za kubeba magunia.

Basi nikakaa nikakukumbuka wewe ulivyokuwa ukiifanya. Ulikuwa unaniambia nisogeze taa pembeni, inakupotezea akili. Unashika pushirodi, unafumba macho. Unazungusha, umeinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati, halafu unasema "hapo," unaongeza nusu mzunguko, unahamia ya pili. Sijawahi kukuona umefumbua macho kwenye kazi hiyo hata siku moja.

Kwa hiyo nimeziacha. Zote kumi na sita zinacheza. Nimefunika injini kwa shuka la zamani. Kazi hiyo ni yako na itakungoja.

Tessie anasema nikuandikie kwamba ana jino linalotikisika. Halitikisiki. Anatamani tu.

Lavonda wako


Louisville
5 Novemba 1974

Lavonda,

Mmefanya vizuri. Sikutegemea mngezipata springi zile zikiwa nzima.

Kuhusu nati. Nitajaribu kukueleza uisikie. Hakikisha kwanza tapeti iko chini kabisa, valvu zote mbili za silinda hiyo zimefunga. Ukizungusha pushirodi mwanzoni inateleza, haina habari na wewe. Unakaza kidogo. Bado. Unakaza. Halafu inakuwa kama unapomvua Tessie kiatu akiwa amelala, na kisigino kinakataa kidogo. Hakikatai kweli. Kinakujulisha tu kwamba kipo. Hapo.

(Shemeji, amerudia sehemu hii mara nyingi. Amesema futa, nimefuta. Mara ni uzi kwenye nta, mara ni kijiko kwenye uji unaoanza kushika. Karatasi tatu ziko sakafuni. E.)

Siwezi. Vidole vinajua, mdomo haujui. Tafuteni fundi wa kule mjini, aje azikaze, alipwe, basi.

Nina mambo mawili ya kukuambia, na ningependa niyaseme bila Eldon kusikia, lakini ndivyo tulivyo sasa, hata hilo siwezi.

Daktari hakusema lolote kuhusu jicho la kushoto. Nilitunga. Sitaona tena, Lavonda.

Na nimeandikisha jina karakana ya hapa. Kuna chumba. Nitawatumia nitakachopata kila mwezi. Usidhani sikutaka kurudi. Kila siku natembea bondeni kichwani, najua kila jiwe mpaka kwenye daraja la magogo. Lakini nikifika mlangoni nakuona wewe, umri wako miaka ishirini na tatu, una mtoto mkono mmoja na mimi mkono wa pili, mpaka uzeeke. Tessie atanishika mkono kunipeleka chooni. Hapo nageuka nyuma. Kila mara nageuka hapohapo.

Uza gari. Tafadhali.

Arlis


Bonde la Buckeye
9 Novemba 1974

Arlis,

Nilishajua. Mtu mwenye jicho linaloona mwanga hamwambii mkewe auze gari.

Nililia nilipojua, nikamaliza. Nilikwenda kulia kwenye banda la kuku ili Mama Oma asinione, nikamkuta yeye yuko humo analia tayari. Kwa hiyo tulilia pamoja tukatoka na mayai. Sasa tumemaliza, usitulilie tena.

Umeniuliza kitu bila kuniuliza. Nikujibu.

Unasema nitakuwa na mtoto mkono mmoja na wewe mkono wa pili. Tessie nimembeba miaka mitatu na nimejenga injini naye akiwa mgongoni. Mikono yangu unaifahamu? Ina makovu ya spana sasa. Ina grisi kwenye kucha, mke wa mchungaji alinitazama nikipokea mkate wa Bwana akataka kuudondosha. Mikono hii haiogopi uzito. Inachoogopa ni kukaa bure jioni.

Na ulipiga meza, Arlis. Ulipiga simu kwa Hettie, wewe ambaye ungekubali kuteguka mguu kuliko kuongea na Hettie kwa simu. Ulikaa kitandani huko, na kwa namba moja tu niliyoiandika ukajua chuma kimejibonyea ndani ya chuma, mahali ambapo mimi na Dorsey tulikuwa tumesimama na macho manne mazima tukashangilia. Usiniambie hukuwepo. Ulikuwepo kuliko sisi.

Fundi wa mjini alikuja jana, Dorsey alimleta bila kuniuliza. Kijana mzuri, ana viatu safi. Akafunua shuka, akachukua spana, akakaza nati mbili haraka haraka huku ananisimulia habari za mchumba wake. Nikamwambia asante, kaka, inatosha. Alipoondoka nikazilegeza tena. Dorsey akasema, "Shemeji, una wazimu." Nikasema ndiyo.

Siji kukuchukua tarehe ishirini na moja. Nitakujaje? Gari halijakazwa. Kwanza sitaki kukuchukua kama mzigo wa makaa. Nilikosea kupanga hivyo, nilidhani nakufanyia wema. Basi la mji wa Hazard lipo, hupita njia panda kila siku, dereva anashusha yeyote. Kutoka pale mpaka nyumbani ni njia unayoitembea kichwani kila siku, umesema mwenyewe. Itembee tena, na ukifika mlangoni usigeuke.

Bwana Eldon, hapa msomee polepole: nakutaka, Arlis. Si mshahara wa mifagio. Wewe.

Lavonda


Louisville
16 Novemba 1974

Shemeji Lavonda,

Nakuandikia ingawa nimekatazwa, na ingawa nadhani barua hii itakukuta umeshajua kila kitu.

Barua yako nilimsomea Jumatano. Nilipomaliza akasema, "Tena." Nikasoma tena, na pale pa polepole nikasoma polepole, na mimi si mtu wa kulia lakini nilikuwa nimevaa miwani ikaniletea ukungu. Akanyoosha mkono akaichukua kalamu yangu, akawa anaizungusha kwa vidole viwili, huku na huku. Nikamuuliza, "Tuandike nini?" Akasema, "Hakuna cha kuandika."

Siku mbili alirudi kulala amegeukia ukuta. Nilidhani tumempoteza, na nilijilaumu.

Leo asubuhi nimemkuta amevaa koti, kitanda kimetandikwa. Alikuwa ameshakwenda karakana mwenyewe kuomba wafute jina lake. Mkuu akamwambia asubiri, zimebaki siku chache apewe cheti. Arlis akamjibu, "Bwana, nina injini iko wazi na Novemba imeingia."

Kisha akaniomba fimbo. Ile ambayo tangu Agosti imelala chini ya kitanda haijaguswa. Nikaipangusa vumbi nikampa. Tulikwenda mpaka kituo cha basi, mimi nyuma yake hatua chache kwa sababu alinizuia kumshika. Aligonga pipa la taka, akaliomba radhi. Kwenye ngazi ya basi alijigonga goti, akatukana tusi la milimani ambalo sikuwahi kulisikia, akapanda. Atalala Hazard kwa mtu wa kanisa lenu, kesho atatafuta basi la njia panda.

Nilimwambia nitampigia simu yule Hettie wenu mumpokee. Alikataa kabisa. Akasema, "Wakija kunipokea nitakuwa nimepelekwa. Acha nifike."

Kwa hiyo sikupiga simu. Nimeandika tu. Barua inakwenda polepole kuliko basi, sivyo?

Hapa kuna kimya. Vijiko vimerudi jikoni.

Rafiki yenu,
Eldon Purvis


Bonde la Buckeye
17 Novemba 1974

Mpenzi wangu Arlis,

Tessie yuko chini ya meza anamlisha paka makombo ya biskuti, anamwambia asali kwanza. Paka hataki kusali.

Sijapata barua yako. Kila siku namtazama mtu wa posta anavyopita na kila siku ananipungia mkono tu. Nimeanza kuogopa. Nadhani nilikuandikia kwa ukali mno. Nilitaka kukuvuta, labda nimekusukuma. Mama Oma ananiambia, "Mwanamke hamwambii mume kipofu apande mlima peke yake," halafu baadaye anasema, "Lakini mimi ningemwambia hivyohivyo." Sasa nishike lipi?

Theluji ya kwanza imeanguka jana, nyembamba, imeshayeyuka njiani. Watu wanaulizia makaa. Bi. Icie wa juu kabisa mlimani anachoma viti vyake vya zamani. Nimekwenda kibandani asubuhi, nimefunua shuka, nimeshika spana. Nikasema basi, nitakaza kadiri ninavyoweza, iwe itakavyokuwa, watu wasigande kwa ajili ya kiburi changu. Nikaishika pushirodi ya kwanza. Halafu nikairudisha spana. Si kiburi, Arlis. Nilihisi nikizikaza nitakuwa nimekubali.

Sasa nimefikiri jambo, na nataka ulisikie vizuri. Kama kile chumba cha huko kinakupa amani, kama kweli hapa mlangoni huwezi kupita, basi sitakulazimisha. Dorsey achukue gari awapelekee watu makaa. Mimi nitafunga vitu vyetu, nitamchukua Tessie na Mama Oma, tutapanda basi tuje tuishi nawe huko, hata kama chumba ni kidogo kama sanduku. Mimi nitapata kazi, nguo za kufua zipo kila mji. Nilidhani nalipigania gari na bonde hili, lakini leo nikiwa nimekaa hapa nimejua nilichokuwa nakipigania muda wote ni

Ngoja kidogo. Mama Oma ananiita kutoka barazani, sauti yake imekuwa ya ajabu, mbwa anabweka lakini anatikisa mkia, Mama Oma anasema Lavonda weka kalamu chini, mlete mtoto, njoo umwone nani huyu amevuka daraja peke yake na